Kusafisha Maandishi ya HTML Yatokayo kwa Watumiaji

Katika mpaka wa Tunduma, shehena iendayo au itokayo Zambia hukaguliwa na maofisa wa forodha. Tovuti ya shule mkoani Songwe ipokeayo insha za wanafunzi yahitaji ukaguzi wa namna hiyo. Insha ikiletwa kwa lugha ya HTML, haibebi maneno tu. Lebo zake, yaani alama za maelekezo, huweza kukoleza herufi, lakini pia huweza kukiamrisha kivinjari kuendesha programu. Mwalimu akiifungua, amri iliyofichwa humo huweza kutumia akaunti yake kubadili alama za mtihani.

Kukataza maneno yaliyo hatari hakutoshi. Mwezi Oktoba 2005, tovuti ya MySpace ilikuwa imekataza neno "javascript". Samy Kamkar wa Marekani aliligawa katika mistari miwili; kichujio hakikulitambua, lakini baadhi ya vivinjari vililiunganisha. Katika muda usiotimia saa 24, programu yake ilienea kwa watumiaji zaidi ya milioni moja.

Njia bora ni kuorodhesha yaruhusiwayo. Programu ya seva huchambua maandishi lebo kwa lebo, hubakiza zilizomo katika orodha, hutupa nyinginezo pamoja na sifa zisizoruhusiwa, hukagua anwani za viungo, kisha huyajenga maandishi upya. Pasipohitajika mapambo, alama ya "ndogo kuliko" (<) hugeuzwa kuwa &lt; nayo huonekana kama herufi tu. Kazi hiyo haiachiwi kivinjari cha mtumaji, kwani huko yaweza kukwepwa: mwenye shehena hajikagui mwenyewe.