Mafungo ya watafiti si likizo

Kuna desturi ya idara za sayansi ya tiba kutoka maabarani siku moja au mbili kujadili tafiti ambazo hazijaiva. Sisi huiita 'ritriti', na mhasibu akilisikia neno hilo hudhani ni likizo, akaikata bajeti. Wengine husema warsha. Sikubali: warsha hufunza stadi, nalo kongamano huita wageni. Mimi napendekeza mafungo, neno la Wakatoliki la kujitenga ili kutafakari. (Mpwani atakumbuka mfungo mosi, si kitu.)

Huko, mwanafunzi wa uzamifu husimama kando ya bango lake kuhusu vimelea vya malaria. Mtaalamu wa saratani humuuliza swali jepesi, kumbe jaribio halina kundi linganishi! Bado ana muda wa kulirudia kabla ya kuandika tasnifu.