Kutafuta Ifu Porini

Katika nchi za Ulaya kuna mti mmoja, jina lake ifu. Majani yake ni membamba, yamejipanga huku na huku kama meno ya kitana. Mti huu hukua polepole sana, lakini huishi miaka mamia mengi. Ukizeeka, moyo wake huoza, shina likabaki tupu ndani kama ngoma. Hata hivyo haufi.

Ifu zilizopandwa huonekana upesi, maana huko Uingereza nyingi zimo kando ya makanisa ya zamani, penye makaburi. Ifu za porini ndizo zilizo adimu. Kwa nini? Watu walizikata kwa kufanya pinde, kwa sababu mti wake ni mgumu, tena hupindika bila kuvunjika. Waingereza walitaka pinde nyingi kwa vita, hata miti yao haikutosha. Mwaka 1472 ikatoka sheria kwamba merikebu za biashara zilete miti ya pinde pamoja na mizigo yao. Basi misitu ya nchi nyingine ikakatwa vilevile.

Kwa hiyo mtu atakaye kupiga picha ya ifu ya porini hutafuta mahali pagumu kwa shoka: penye majabali na miteremko mikali, hasa penye mawe ya chokaa. Kusini ya Uingereza kuna bonde liitwalo Kingley Vale. Chini ya udongo wake mna jiwe jeupe, laini kama chaki. Ifu za kale zingali zimesimama pale, na tangu mwaka 1952 mahali hapo hulindwa.

Wakati wa kutafuta ni majira ya baridi. Miti mingi imepukutisha majani, lakini ifu hubaki na majani yake, ikaonekana toka mbali. Chini yake ni giza. Ndiyo sababu mpiga picha huweka mashine yake juu ya miguu mitatu, isitikisike, na kuacha jicho lake wazi kitambo. Mwenzake husimama kando ya shina, ili unene wake ujulikane.

Angalieni! Mpiga picha hatii jani kinywani. Majani na mbegu za ifu zina sumu kali. Huua farasi, ng'ombe, hata mtu. Lakini katika gome la ifu ya Marekani wataalamu walipata dawa ya kansa, iliyokubaliwa huko mwaka 1992. Mti uuao waweza kuponya pia.

Upinde ulitaka shina likatwe. Picha yataka mwanga tu, na mti hubaki. Wajukuu watarudi na picha ile mkononi, nao watajua tawi lipi limeanguka na lipi limechipuka.

Maulizo
1. Kwa nini ifu za porini ni adimu?
2. Kwa nini hutafutwa wakati wa baridi?
3. Taja hasara moja na faida moja ya ifu.