UMELETEWA LENZI YA ZAMANI? USITAJE BEI KWANZA

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja, wote wanauza vitu used mtandaoni kama mimi: "Nimeletewa kamera ya zamani ina lenzi kubwa hivi, niipost bei gani?" Jibu langu ni kwamba usipost bei. Bado. Shuka nayo taratibu, ni ndefu kidogo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nina duka dogo Kahama, simu used, spika, na kona moja ya kamera. Sijasomea kamera popote, niliishia form four. Nimejifunza kwa kufungua zilizokufa na kusoma usiku bando likiwa na nafuu.

Huku kwetu vitu hivi vipo kuliko watu wanavyodhani. Mwadui imeanza kuchimbwa almasi mwaka 1940 na Dr. Williamson, yule mjiolojia wa Kanada, na wazungu waliokuja kufanya kazi walikuja na kamera zao. Wakiondoka wanauza vitu vya ndani kwa wafanyakazi. Ongeza wapiga picha wa studio za zamani za Shinyanga na Mwanza, wale wa picha za paspoti na kipaimara. Leo wazee wengine wametangulia, wajukuu wanafungua masanduku, kamera inaletwa kwako imefungwa kwenye kitenge.

Sasa elewa kitu kimoja. Sisi watu wa Geita, Kahama na Shinyanga tumezoea biashara ya dhahabu. Dhahabu ina bei ya siku. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, mchimbaji mdogo anaingia sokoni, mzigo unapimwa uzito na usafi, hesabu inapigwa mbele yake. Gramu ni gramu. Lenzi haiko hivyo, lenzi ni kama almasi. Mawe mawili ya uzito mmoja, moja lina rangi safi, jingine lina ufa ndani, bei zinaachana mbali kabisa. Hakuna ubao wa bei ya siku. Mwenye mali anategemea macho ya anayepima, na hapo ndipo dalali mbaya anapotajirika.

Nawapa mfano ulionifikia. Mzee mmoja wa Shinyanga, alifanya kazi Mwadui ujana wake na jioni alikuwa anapiga picha za harusi vijijini. Alikuwa na Canon FTb, kamera ya filamu ya miaka ya 1970, na lenzi yake imeandikwa mbele: CANON LENS FD 55mm 1:1.2 S.S.C. Dalali mmoja alishampa elfu hamsini kwa vyote viwili. Mjukuu wake naye alishaingia Google, akaona bei ya zaidi ya milioni tano, akamwambia babu asiuze chini ya hapo. Mzee yuko katikati, na anataka kuezeka nyumba kabla ya mvua.

Tuanze na hiyo 1.2, maana ndiyo pesa ilipo. Ile namba ni urefu wa lenzi ukigawa kwa upana wa tundu la mwanga. 55 gawa kwa 1.2 unapata karibu milimita 46. Lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera nyingi ilikuwa 50mm yenye 1.8, tundu lake ni kama milimita 28 tu. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi. Kati ya 1.8 na 1.2 tofauti ni mara mbili na robo. Zamani filamu ikiwa nzito kushika mwanga, hiyo tofauti ndiyo iliamua kama picha ya harusi usiku kwa mwanga wa karabai itatoka au itakuwa giza tupu. Kutengeneza kioo kipana namna hiyo ni ghali, ndiyo maana zilitengenezwa chache kuliko za 1.8. Ukiona 1.2 kwenye lenzi yoyote ya zamani, Nikkor 55mm, Rokkor 58mm ya Minolta, au hii ya Canon, simamisha mazungumzo ya bei mpaka uchunguze. Ukiona 1.8 au 2, ni mzigo mzuri ila wa kawaida, usimpe mtu matumaini.

Halafu soma maandishi YOTE kwenye ile pete ya mbele. Hapa ndipo mjukuu alipoteleza. Canon walitengeneza 55mm 1.2 za FD za aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja imeishia S.S.C., ambalo ni jina la rangi maalumu iliyopakwa kwenye vioo kuzuia mng'ao. Nyingine baada ya S.S.C. imeandikwa ASPHERICAL, na iliyotangulia kabla yake iliandikwa AL. Hiyo ina kioo kimoja ambacho mgongo wake haukuchongwa kama kipande cha mpira wa duara, umechongwa kwa umbo gumu zaidi ili picha iwe kali hata tundu likiwa wazi lote. Watu wa sinema wanaifukuzia mpaka leo kwa sababu iko karibu na lenzi za filamu za Canon K35. Yenye neno hilo inauzwa maelfu ya dola. Isiyo nalo ni mamia. Neno moja! Mzee lenzi yake haikuwa nalo.

Unaweza kujiuliza kwa nini lenzi ya filamu ina bei leo wakati hata filamu yenyewe huku kuipata shughuli. Mwaka 1987 Canon walibadilisha kifungio, wakaleta EOS, lenzi zote za FD zikabaki yatima. Zilishuka bei sana, na kuzifunga kwenye kamera mpya za wakati ule ilikuwa taabu kwa sababu ya umbali kati ya lenzi na filamu. Kuanzia mwaka 2008 zikaanza kutoka kamera zisizo na kioo ndani, ambazo ni nyembamba, na sasa adapta ya bei ndogo inashika lenzi ya FD bila shida. Unakaza fokasi kwa mkono, lakini video inatoka na sura ambayo lenzi mpya haina. Kwa hiyo mnunuzi wako siyo lazima awe mzungu anayekusanya kamera za kale. Anaweza kuwa shuta wa harusi pale Mwanza.

Ukaguzi sasa. Tochi ya simu, chumba chenye giza, na uvumilivu. Washa tochi nyuma ya lenzi, wewe angalia kwa mbele kwa kuinamisha kidogo kidogo, halafu geuza. Vumbi utaliona, huku kwetu halikosekani, vipunje vichache ndani havina athari kwenye picha wala usimtishie nalo mwenye mali ili ashushe bei, huo ni uhuni. Unachotafuta ni fangasi: nyuzi nyembamba kama mizizi au utando wa buibui, mara nyingi zinaanzia pembeni. Fangasi ikikaa miaka inakula ile rangi ya kwenye kioo na hata fundi akisafisha alama inabaki. Begi la ngozi ndilo adui, linashika unyevu, na walioko karibu na ziwa, Geita, Sengerema, Mwanza, mnajua unyevu wake. Kitu cha pili ni ukungu, ile hali kama kioo kimepumuliwa. Cha tatu ni mikwaruzo ya kufutia na shati. Kioo cha nyuma kikiwa na mkwaruzo ni kibaya zaidi kuliko cha mbele.

Lenzi nyingine za zamani, mfano baadhi ya Super-Takumar 50mm 1.4, zimekuwa za njano ndani. Usiseme imeoza. Kioo chake kiliwekwa thoriamu, kinageuka njano kwa miaka, na kikikaa kwenye mwanga wa jua siku kadhaa rangi inarudi. Ila usiielekeze juani ikakuunguzia nyumba, ile ni kioo cha kukuza!

Kwa FD kuna mtego unaowafanya watu wengi waiite mbovu. Ukizungusha pete ya mwanga lenzi ikiwa mkononi, vile visu vya ndani havitembei. Havijakwama. Ndivyo ilivyotengenezwa, mpaka ifungwe kwenye kamera ndiyo vinaitika. Ifunge kwanza, halafu angalia kama vinafunga haraka na kama havina mafuta. Pete ya fokasi iwe nzito kiasi ila laini, ikikwaruza kuna mchanga.

Mwisho piga picha. Mimi nilikuwa na adapta. Nikabandika ukurasa wa gazeti ukutani, nikapiga tundu likiwa wazi lote, halafu nikalifunga mpaka 5.6. Kwenye 1.2 maandishi ya pembeni yalikuwa laini na yana mng'ao kama ya ndotoni. Hiyo ni tabia ya aina isiyo ASPHERICAL, siyo ugonjwa. Kwenye 5.6 yakawa makali kama wembe. Ukimpiga mtu kwa umbali wa mita moja kwenye 1.2, sehemu iliyo kwenye fokasi ni kama sentimita mbili na nusu tu, jicho liko safi na sikio limeshapotea, kwa hiyo usimlaumu lenzi kama mkono wako ulitikisika.

Ya mzee ilikuwa na fangasi kidogo, nyuzi mbili pembeni ya kioo cha mbele kwa ndani. Haionekani kwenye picha. Lakini ipo, na niliipiga picha ile fangasi yenyewe kwa karibu ili kila mnunuzi aione.

Bei nikaitafuta eBay, lakini siyo bei zilizopostiwa. Mtu yeyote anaweza kuandika bei ya ndoto. Chuja uone zilizouzwa kweli, soma kila moja hali yake, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kisha toa makato ya mtandao, toa usafirishaji, toa hatari ya mzungu kurudisha mzigo baada ya wiki tatu akisema ameona fangasi. Dola 300 ya kule, ukiipitisha hapo, inakuja nyumbani imekonda.

Nilimfuata mzee kwake. Nilianza na mwangaluka, nikakaa, nikamwonyesha kwa tochi kila kitu, yeye na mjukuu. Nikamwambia, "Baba, hii siyo ile ya mamilioni, neno lake halipo hapa mbele. Lakini elfu hamsini umedhulumiwa." Mjukuu alinuna kabisa. Mzee akachukua lenzi, akaisoma tena mwenyewe, akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nimeisoma na neno hilo sijaliona, siwezi kuliona leo."

Sikuinunua. Hili nalisisitiza: kitu ambacho bei yake haina ubao, usikinunue kwa mtu asiyejua thamani yake wakati wewe unaijua. Nilichukua kwa mali kauli, tukaandika kwenye karatasi: bei ya chini laki tano na nusu, mimi asilimia 15, ndani ya siku 60 isipouzika inarudi. Picha ya karatasi kwenye simu ya mjukuu. Mwili wa kamera alibaki nao, hakutaka kuuza, alisema una picha zake, ingawa filamu haimo.

Siku ya 19 ikachukuliwa na shuta wa harusi wa Mwanza. Alikuja na kamera yake, akaifungia adapta, akatoka nje ya duka saa moja usiku akampiga mama muuza mahindi kwa mwanga wa jiko lake la mkaa. Akaangalia kioo cha kamera muda mrefu bila kusema kitu. Fangasi nilimwonyesha mimi kabla hajauliza, akaitumia kushusha kutoka laki saba, tukafika 620,000. Yangu 93,000, ya mzee 527,000, nikamtumia palepale mnunuzi akiwa bado anafunga begi.

Ukiletewa yako na una wasiwasi, nitumie inbox picha nne: pete ya mbele maandishi yote yasomeke, nyuma ya lenzi, mwanga wa tochi ukipita ndani, na picha moja uliyopiga nayo. Picha ya kamera ikiwa juu ya kochi hainisaidii kitu.