Akiahidi "kulinda sura ya mtaa", muulize dhidi ya nani

UZI. Kwenye miji iliyomea kando ya vyuo vikuu, kila msimu wa kampeni lazima utasikia mtu akiahidi "kulinda sura ya mtaa wetu". Makofi mengi. Swali la sura gani haliulizwi.

Tuchukue Juja. JKUAT ilianza mwaka 1981 kama chuo cha kilimo na teknolojia, ikawa chuo kikuu kamili 1994. Barabara ya Thika ilipokamilika kupanuliwa 2012, wafanyakazi wa Nairobi nao wakahamia. Leo ukitoka Gate C kuelekea Gachororo ni ghorofa za bedsita zimebanana. Kuna keja ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, saa sita mchana umewasha stima ndio usome.

Sasa, kanuni za usanifu wa majengo ni nini? Ni masharti yanayoambatana na kibali cha ujenzi: jengo liache nafasi gani kutoka barabarani na kwa jirani, liende ghorofa ngapi, maji ya mvua yaelekee wapi. Kibali hutolewa na kaunti, chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019. Na yule wa "ploti ni yangu, nitajenga nitakavyo", asome Kifungu cha 66 cha Katiba. Serikali ina mamlaka ya kudhibiti matumizi ya ardhi, hata ya mtu binafsi.

Shida ni kwamba ndani ya hiyo hiyo "sura ya mtaa" huwa kuna kanuni za aina mbili. Ya kwanza inapima jengo: kila chumba kiingie hewa na mwanga. Ya pili inapima mtu: ploti isipungue nusu ekari, nyumba moja, familia moja. Haitaji wanafunzi popote, lakini wote tunajua nani amefungiwa nje.

Hii si mambo ya Kenya pekee. Berkeley kule California, mji wa chuo kikuu, ulikuwa kati ya miji ya kwanza Marekani kutenga maeneo ya nyumba za familia moja tu, mwaka 1916. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya huko ikaamua kwamba kabla hosteli ya wanafunzi zaidi ya 1,000 kujengwa, kelele zao zikaguliwe kama athari kwa mazingira. Yaani tuliwekwa kapu moja na moshi wa kiwanda! Wabunge wa jimbo walibadilisha sheria mwaka huo huo.

Wazee wa mtaa wana hoja pia, tusijifanye. Shimo la maji taka lililochimbwa kwa familia moja likipokea vyumba arobaini, litafurikia kwa mama anayeishi upande wa chini. Lakini hapo wa kubanwa ni mwenye jengo, alipie mfumo unaotosha. Kupunguza wapangaji hakuzibui mtaro.

Halafu angalia nani anashangilia. Aliyeshajenga ghorofa sita ana kila sababu ya kuunga mkono sheria ya ghorofa mbili kwa wanaokuja baada yake. Vyumba havitaongezeka, wanafunzi wataongezeka, kodi itapanda. Na sisi wapangaji wengi tumejiandikisha kupiga kura nyumbani kwetu, kwa hivyo mgombea hapa hana haraka nasi.

Ila kuna mlango. Sheria hiyo ya 2019 inamtaka anayeomba kibali autangazie umma mradi wake, na mwenye maslahi asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango. Ana siku 14. Zinahesabiwa tangu uamuzi utolewe, si tangu uusikie kwa keateka.