Kikombe cha Samunge na mguu wa Malambo

Sehemu ya pili ya makala kuhusu maradhi ya kudumu na mwenendo wa maisha

Machi 2011, njia ya vumbi inayotoka Mto wa Mbu kupitia Engaresero hadi Samunge, wilayani Ngorongoro, iligeuka maegesho. Mabasi, teksi, Landrover za kukodi na pikipiki zilipangana kilomita kwa kilomita, na ndani yake walikuwamo wagonjwa kutoka pembe zote za Tanzania na ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Wengine walishikiliwa na ndugu zao wasianguke, na wapo waliofia foleni. Wote walikuwa wanakwenda kwa mtu mmoja: Ambilikile Masapila, maarufu kama Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, aliyesema ameoteshwa dawa. Kikombe kimoja, shilingi 500, basi. Kisukari, presha, pumu, saratani, Ukimwi, yote yalisemekana kupona kwa mnywo mmoja, tena mbele ya Babu mwenyewe. Kumbebea mgonjwa aliyebaki nyumbani hakukuruhusiwa.

Wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walifika na kuutazama mti uliotoa dawa hiyo. Ulikuwa mugariga, ambao wanabotania huuita Carissa, kichaka cha miiba kinachojulikana vizuri na waganga wa Afrika Mashariki. Babu alifariki Julai 2021, na foleni ilikuwa imeshakatika miaka mingi nyuma.

Kumcheka Babu na wateja wake ni rahisi, na wengi wa mjini walifanya hivyo, ingawa wapo waliocheka mchana na usiku wakapanda basi la kwenda Loliondo. La kutazamwa ni aina ya maradhi yaliyowapeleka. Hawakwenda kwa ajili ya malaria wala kuhara. Walikwenda kwa yale yanayomkaa mtu mwilini hadi siku zake za mwisho. Utamu wa kikombe haukuwa kwenye mizizi iliyochemshwa. Ulikuwa kwenye maneno mawili, "mara moja", ambayo mgonjwa wa sukari hajawahi kuyasikia kliniki. Kliniki huambiwa "maisha yako yote".

Ajabu ni kwamba wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, pamoja na jirani yake Karatu, ndiyo sehemu ya Tanzania ambako vyuo vikuu vya dunia vimefika mara nyingi kuuliza swali lililo kinyume cha lile la foleni. Foleni iliuliza tutapona vipi. Watafiti waliuliza: kwa nini watu wa huku hawaugui?

Malambo iko kaskazini ya kreta ya Ngorongoro, kwenye nyanda kame kati ya Serengeti na mlima Oldoinyo Lengai. Ni nchi ya Wamaasai wafugaji: mvua ni chache, mifugo ni mingi, na umbali hupimwa kwa kutazama jua. Nchi ya namna hiyo ndiyo iliyomvuta George Mann, tabibu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo Marekani ilikuwa imeanza kuogopa mafuta ya wanyama, na mayai na siagi vilikuwa vimepandishwa kizimbani. Mann akatafuta watu wanaokunywa maziwa na kula nyama kuliko wote, akawapima wanaume wa Kimaasai wapatao 400. Alitegemea kukuta mioyo mibovu. Alikuta lehemu ya damu iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni za kutafuta kwa tochi.

Mwaka 1972 alichapisha sehemu ya pili ya kisa hicho, ambayo wapenzi wa nyama hupenda kuisahau. Safari hii alikuwa amechunguza mioyo 50 ya wanaume wa Kimaasai waliofariki. Mafuta yalikuwamo kwenye kuta za mishipa, tena si haba. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, kiasi kwamba damu ilipita bila kubanwa. Mann akakisia kwamba Mmaasai hakukingwa na maziwa wala kwa kukosa mafuta. Miguu yake ndiyo iliyoipanua mishipa.

Wengine walitazama sufuria. Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alishughulika na magome na mizizi ambayo Wamaasai huitia kwenye supu, ukiwamo olkiloriti, mgunga ambao morani (kijana shujaa) akiwa orpul, kambini kwa kula nyama, haoni supu imekamilika bila huo. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa viungo vya namna hiyo miongoni mwa Wabatemi, wanaoitwa pia Wasonjo. Vingi vilikuwa na saponini na fenoli, kemikali zinazoweza kuzuia lehemu ya chakula isiingie mwilini. Samunge ni kijiji cha Wabatemi hao hao. Yaani zaidi ya miaka kumi kabla ya kikombe, maabara ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba miti ya wilaya hii ina jambo la kueleza, ila jambo lenyewe lilihusu kijiko cha kila siku ndani ya supu. Hakuna aliyefunga safari kwa ajili ya habari hiyo.

Jibu lililo wazi zaidi lilikuja mwaka 2010, katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo. Julia Mbalilaki na wenzake, kwa ushirikiano na watafiti wa Skandinavia, walilinganisha Watanzania 985: Wamaasai 130, Wabantu wa vijijini 371 na Wabantu wa mjini 484. Wamaasai walikula mafuta mengi, kama ilivyotarajiwa, na bado hali ya mioyo yao ilikuwa nzuri kuliko ya wote. Watafiti walipopiga hesabu ya shughuli za siku nzima, Mmaasai alionekana kutumia kilokalori 2,565 juu ya zile mwili unazohitaji ukiwa umetulia. Mkulima wa kijijini alitumia 1,500, na mtu wa mjini 891.

Msomaji angeweza kufunga gazeti hapo na kusema: kumbe ni kutembea tu, kunachoma mafuta. Karatu inakataa. Kando ya Ziwa Eyasi, ng'ambo ya mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao hadi leo huwinda na kuchimba mizizi. Herman Pontzer na wenzake hawakuridhika na hesabu ya makisio. Waliwanywesha watu wazima 30 maji ambayo haidrojeni na oksijeni zake zina uzito usio wa kawaida, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa, njia inayoonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani hasa. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Matokeo, yaliyochapishwa 2012, yaliwashangaza hata waliopima: ukiondoa tofauti ya ukubwa wa mwili, Mhadzabe hakutumia nishati zaidi kuliko karani wa Marekani anayeshinda kitini.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ni mweka hazina bahili. Ukitumia zaidi kwenye miguu, hupunguza kwingine, pamoja na kwenye uvimbe wa ndani kwa ndani ambao kwa mtu asiyetembea huichokoza mishipa miaka nenda rudi. Kwa hiyo mguu hausaidii sana kupunguza unene, bali hufanya kazi nyingine kubwa zaidi. David Raichlen na wenzake walithibitisha upande huo mwaka 2017. Vipima mapigo ya moyo vilionyesha Wahadzabe wanafanya shughuli za kutosha kuuamsha moyo kwa dakika 135 hivi kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linamwomba mtu mzima 150 kwa wiki. Presha na lehemu zao zilikuwa za kuonewa wivu, hata kwa wazee.

Miaka mitatu baadaye Raichlen aliongeza jambo la kuchekesha. Wahadzabe nao hupumzika, karibu saa kumi kwa siku, sawa na watu wa ofisini. Ila hawakai kitini. Huchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu haipati nafasi ya kulala usingizi.

Hayo ndiyo masimulizi ya kupendeza. Kuna mengine. Mann alipima wanaume, na wengi wao hawakuwa wazee; mama wa boma hakupata nafasi kwenye jedwali lake. Halafu nchi yenyewe imebadilika. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilizuiwa, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena. Juni 2022 serikali ilitenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kuwa pori, na Malambo ni miongoni mwa kata zilizoguswa. Mtu anaweza kuwa upande wowote wa ugomvi huo, lakini hesabu ya boma haina upande: malisho yakipungua maziwa hupungua, na pengo huzibwa na unga wa sembe, mafuta ya kupikia na chai yenye sukari.

Watafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha KCMC na NIMR walipima Wamaasai karibu 900 ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha. Kiwango hicho kinakaribia kabisa kile kilichopatikana nchi nzima katika upimaji wa 2012, yaani asilimia 26. Miaka isiyofika sitini imetosha kumtoa Mmaasai wa Mann kwenye kundi la watu wa ajabu na kumweka mstari mmoja na mkazi wa Kariakoo.

Kwamba mwili hugeuka upesi, hilo nalo limepimwa. Nigel Unwin na wenzake waliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Katika mwaka mmoja tu waliongezeka zaidi ya kilo mbili kwa wastani, na kazi za nguvu zikaporomoka, hasa kwa wanaume. Wala si kila kitu kiliharibika, kwani mjini walikula matunda na mboga zaidi. Kilimanjaro mambo yalikwenda kwa wiki. Godfrey Temba, Quirijn de Mast na wenzao wa KCMC na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwachukua vijana wanaume 77 wenye afya. Wa kijijini walipewa vyakula vya viwandani, wa mjini wakarudishiwa ndizi, kunde na mboga za asili, na kundi jingine likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Wiki mbili zilitosha: damu ya waliohamia chakula cha viwandani ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, na ya waliorudi kwenye chakula cha nyumbani ilitulia. Taarifa hiyo ilitoka Aprili 2025. 

Tatizo ni kwamba vijana wale walikuwa wazima. Aliyekwisha kuambiwa ana presha yuko ukurasa mwingine, na huko takwimu zinatia huzuni. Utafiti uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kati ya wenye presha hawakufika mmoja kati ya watano waliojijua. Waliokuwa kwenye dawa walikuwa kama asilimia 10. Ambao presha yao ilikuwa imeshuka hadi mahali pake hawakufika hata asilimia 1.

Kwa mzee wa Malambo hesabu hiyo ina sura. Presha haiumi. Dawa zikiisha, safari ya kufuata nyingine hugharimu nauli, siku nzima na pengine mbuzi, ilhali mwenyewe hajisikii mgonjwa. Kwa hiyo huacha, kama anavyoacha dawa ya malaria homa ikishuka.

Zaidi ya hapo kuna lugha ya chumba cha daktari. Mfugaji akiulizwa kama anafanya mazoezi, atajibu hapana, kwa sababu mazoezi ni ya askari na watoto wa shule. Akiulizwa anakula nini, atataja chakula, na chai haimo. Mwulizaji anayeijua nchi ataanza kwingine. Ng'ombe wamehamishiwa wapi kiangazi hiki? Nani anawachunga siku hizi, wewe au wanao? Kwenda mnadani unatembea au unapanda bodaboda? Asubuhi unakunywa vikombe vingapi, na kila kimoja vijiko vingapi vya sukari? Mzee aliyezoea kushinda nyuma ya mifugo, na ambaye sasa vijana wake ndio wachungaji, anaweza kuwa amepoteza kilomita kumi za siku bila mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, kuziandika popote.

Itaendelea.