Pikipiki na Mteremko wa Mbaga

Juma hili niruhusu nizungumzie pikipiki. Ugonjwa huu niliupata utotoni huko Upareni, bwana shamba alipokuwa akipandisha mlima na Yamaha yake. Sisi watoto tulikimbilia barabarani kunusa ule moshi wa buluu. Mama alisema nimerogwa.

Ya kwanza kuimiliki ilikuwa Suzuki A100, iliyokwisha kupita mikono mitatu. Injini yake ni ya mipigo miwili: nyepesi, na mlima inaupanda kwa hasira. Lakini injini ya namna hiyo haikai na oili yake chini kama ya gari. Pistoni hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli. Pampu ya oili ya pikipiki yangu ilikuwa imekufa, nikawa nachanganya mwenyewe ndani ya tenki.

Siku moja nashuka kutoka Mbaga kurudi Same. Nimefunga mafuta, niko gia ya pili, najiona dereva hodari. Kumbe petroli ikikatika na oili nayo imekatika, na huku gurudumu linaizungusha injini kwa kasi. Injini ikanoki. Gurudumu la nyuma likakaza ghafla, nikajikuta kwenye migomba ya watu. Mwenye shamba, mama mmoja wa makamo, alitazama kwanza migomba yake, ndipo akauliza, "Mwanangu, umeumia?" Laiti ningebana klachi mara moja! Na laiti ningekuwa nafungua mafuta kidogo kila baada ya kona mbili tatu.

Ya pili ilikuwa Honda CG125, ya mipigo minne, oili yake imo ndani ya injini. Wajapani waliiunda miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako mtu husahau kubadili oili. Wachina wakaiiga, na pikipiki nyingi za bodaboda ni wajukuu zake.

Sasa ninaendesha Boxer, nayo ya mipigo minne. Kinachonitia hofu ni vijana wanaoshuka mlima wamezima injini na kutoa gia, eti wanabana petroli. Hizi si Suzuki yangu. Ukiiacha ndani ya gia na kufunga mafuta, injini yenyewe inakuwa breki, na oili inaendelea kuzunguka. Ukitoa gia, uzito wote, wa dereva, mishikaki ya abiria wawili na gunia la tangawizi, unaangukia breki peke yake. Breki za dramu zikipata moto hupoteza nguvu. Unakanyaga, chombo kinaendelea.

Nilimweleza hayo kijana mmoja pale stendi ya Same. Akanijibu, "Mzee wangu, petroli ya mteremko ndiyo chai yangu." Sikuwa na jibu la haraka. Nikapanda naye hadi Mbaga. Wakati wa kurudi alizima injini kama kawaida yake, nami nikanyamaza. Tulipokaribia kona kali ya kwanza nikasikia gia ikiingia.