Jicho la Mwenye Kurejea

Katika mji wa New York mna mtaa uitwao Harlem, uliokuwa na sifa ya ufukara na magofu. Bwana Camilo José Vergara, mzaliwa wa Chile, alianza kuupiga picha katika miaka ya 1970, akawa akirejea pale pale mwaka baada ya mwaka. Picha zake hazikuficha uharibifu. Lakini zaonyesha pia maduka yaliyofunguliwa upya na vyumba vilivyogeuzwa nyumba za ibada.

Atazamaye mara moja huona gofu tu. Sisi tusomeshao chuoni twalijua hilo: mtoto aliyeshindwa na alifu, baadaye twamsikia akihitimu msahafu. Basi tusiuhukumu mtaa wala kijana kwa siku moja. Mwenyezi Mungu ametukataza kukata tamaa na rehema Yake.